Mpira wa Mkojo na Mimba Yangu ya Tatu

Kama umeambiwa utawekewa mpira wa mkojo, na tangu uambiwe mwili wako umekaza kama ngumi, haya nimekuandikia wewe. Mimi si daktari wala muuguzi. Nilikuwa mwalimu wa darasa la pili katika shule ya msingi juu kidogo ya Othaya, na niliwekewa mpira huo mara tatu ndani ya juma moja, nikiwa mjamzito. Mara ya kwanza niliumia hadi nikaapa sitarudi hospitali. Mara ya pili na ya tatu hazikuwa hivyo, na haikuwa bahati. Kuna vitu vilifanywa, na vingine niliviomba kwa mdomo wangu mwenyewe.

Kwetu ni upande wa Butere. Nilipotoka chuo cha ualimu nikapelekwa Othaya, nikaolewa na kijana wa huko, Gichuki, fundi wa malori aliyefanya kazi Nanyuki na kurudi nyumbani mwisho wa mwezi. Kwa hiyo niliyekuwa nikiishi naye hasa ni mama yake. Mama hakujua Kiluhya, na Kikuyu changu kilikuwa cha kununulia viazi sokoni. Tukawa tunazungumza Kiswahili, mimi kile cha darasani, yeye kile alichookota akichuma kahawa kwenye mashamba ya wazungu alipokuwa msichana. Kilitutosha kwa mambo ya kuni, maji na chumvi. Mengine tuliyaacha.

Mimba mbili zilikuwa zimetoka kabla ya hiyo, zote mapema, kabla mtu hajaona tumbo. Mama hakuwahi kuniuliza chochote. Alikuwa anakuja na uji, anauweka, anaondoka. Mimi nilidhani ananilaumu.

Mimba ya tatu ilifika mpaka mvua ya masika, nikaanza kupumua. Tena tumbo lilianza kuonekana haraka, hata mwalimu mwenzangu akaniambia, "Wewe umebeba mapacha." Nilifurahi. Lakini wakati huohuo kwenda haja ndogo kulikuwa kunanisumbua. Nilichuchumaa chooni nikisubiri, nikijikamua, yakitoka matone. Nilirudi darasani, na kabla ya somo kwisha nikataka kwenda tena. Nilifikiri ndivyo mimba inavyokuwa ikikaa. Sikuwa nimewahi kufika hapo.

Alhamisi moja matone nayo yalikata. Tangu jioni iliyotangulia hakikutoka kitu. Nilisimama ubaoni nikiwaandikia watoto hesabu, nikahisi kama mtu ananikanyaga tumboni kwa kiatu, nikalazimika kuegemea ukuta. Mwalimu mkuu alinitazama usoni akasema niende nyumbani. Mama alinilaza, akaweka kiganja chini ya kitovu changu, akakiondoa upesi kana kwamba ameungua.

"Hii si mtoto," akasema. "Mtoto haiko ngumu namna hii."

Lori la kubeba majani ya chai lilikuwa linashuka. Akalisimamisha katikati ya barabara kwa kuinua mikono miwili.

Ile hospitali ya kwanza sitaitaja, na yule muuguzi simlaumu sana. Alikuwa peke yake na benchi lilikuwa limejaa hadi mlangoni. Nilikaa pale nikiwa nimebana magoti, nikisikia maji yakidondoka kwenye karai la bati mahali fulani nyuma ya ukuta, na kila tone lilinikata. Mtu akikohoa, nilishtuka. Mtoto wa mtu alinigusa paja tu, nikauma kitambaa.

Zamu yangu ilipofika aliniambia nivue, nipande kitandani, nitanue miguu. Mlango ulikuwa nusu wazi. Taa ilikuwa mbali. Hakuniambia anachofanya. Nilihisi kitu kikavu kinanichoma, nikaruka. Akasema, "Legeza." Nikajaribu. Akakosa mahali, akajaribu tena, akasema kwa sauti ya juu zaidi, "Legeza, mama, unanichelewesha." Sijui kama umewahi kuamrishwa ulegeze mwili. Ni kama kuamrishwa usinzie. Kadiri alivyosema ndivyo nilivyojikaza, na kadiri nilivyojikaza ndivyo alivyosukuma. Mpira ulipopita niliona moto machoni.

Halafu mkojo ukatoka. Ukajaza beseni, akaita beseni jingine. Nililia, lakini safari hiyo ni kwa ule unafuu. Tumbo langu kubwa nililokuwa nikijivunia shuleni liliteremka mbele ya macho yangu. Yale hayakuwa mapacha. Ulikuwa mkojo.

Akautoa mpira, akanipa vidonge, akaniambia niende nyumbani. Chupi yangu ilikuwa na damu. Nusu ya akili yangu ilijua damu imetoka pale mpira ulipokwaruza, na nusu nyingine ilikuwa inasema, ni ile ile ya mara mbili zilizopita.

Ijumaa asubuhi mkojo ukaziba tena.

Sikutaka kusikia habari ya hospitali. Nilimwambia Mama kwamba ule mpira utamfikia mtoto umtoboe. Naye alikuwa akiogopa hivyo hivyo. "Hata mimi nafikiri hiyo," akasema, na akanichemshia maji nikae juu ya mvuke. Nilikaa. Yakatoka matone machache. Nikakaa tena jioni, hakuna. Usiku ule sitausimulia.

Jumamosi nilianza kutetemeka. Mama alikuja na kitambaa cha maji akanipangusa uso, kisha akakaa ukingoni mwa kitanda. Hakuwa amewahi kukaa kwenye kitanda changu.

"Mwalimu," akasema. Aliniita hivyo siku zote. "Mimi nilikuwa naogopa ya mtoto. Sasa naogopa yako. Tunaenda Nyeri."

"Mama, siwezi ule mpira."

"Najua. Nitakuwa hapo. Wakinitoa, nitarudi kwa dirisha."

Gichuki alifika mchana huo kutoka Nanyuki akiwa na mkate na nyama, akatukuta mlangoni tumejifunga mashuka. Akaenda kuazima pikapu ya jirani bila kuvua koti.

Nyeri benchi lilikuwa refu zaidi. Watu walikuwa na matope hadi magotini, chumba kizima kilinuka mvua na dawa. Mwanamke aliyekuwa karibu nami, mke wa polisi kutoka Machakos, aliniuliza kama ninaumwa na meno, kwa vile nilikuwa nimeyakaza hivyo. Kila mlango ulipofunguliwa nilisali wasiite jina langu, na ulipofungwa nilisali waite.

Aliyeniita alikuwa muuguzi mnene wa makamo, mwenye sauti ya chini, Sista Mwikali. Alitazama jinsi nilivyopanda kitandani, akaweka mikono yake mifukoni.

"Umeshawekewa mpira kabla ya leo?"

"Alhamisi."

"Ilikuwaje?"

Hakuna aliyekuwa ameniuliza hilo. Nilimwambia. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaenda kufunga mlango, akavuta pazia, akaleta taa hadi karibu na miguu yangu. Mama alikuwa amesimama kichwani pangu. Sista alimtazama, akamsogezea kiti.

Halafu alinionyesha mpira. Nilikuwa nikiufikiria mnene kama wa kumwagilia maua. Ulikuwa mwembamba kuliko kalamu ninayosahihishia madaftari.

"Huu unaingia kwa kibofu," akasema. "Mtoto yuko kwa nyumba yake nyingine. Hazina mlango wa kupitana. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Mama, umesikia?"

"Nimesikia," Mama akasema, na nikamwona anashusha mabega.

Aliniwekea mto chini ya kila goti ili miguu ikae yenyewe bila mimi kuishikilia. Akaniosha kwa maji ya vuguvugu, akisema kila kitu kabla ya kukifanya: sasa nakugusa, sasa ni maji, sasa hii ni dawa ya ganzi, itakuwa baridi. Alipomaliza kuipaka akavuta stuli, akaketi.

Mimi nilingoja maumivu. Hayakuja. Yeye alikuwa ameketi tu.

"Sista, mbona huendelei?"

"Dawa ikipakwa na kusukumwa hapo hapo haijafanya kazi. Tunaipatia muda. Unafundisha darasa gani?"

Nilikuwa nimefura, natetemeka, tumbo linataka kupasuka, na kungoja kule kulikuwa kazi ngumu kuliko yote niliyofanya siku ile. Nilitaka kumwambia asukume tu yaishe. Nikamweleza habari za darasa la pili, sentensi nusu nusu, kuhusu mtoto mmoja aliyekuwa anakula chaki. Mama alikuwa amenishika kichwa kwa mikono miwili kama anayeshika chungu.

"Sasa," Sista akasema. "Hutajikaza wala hutajilegeza, usifikirie hayo. Wewe vuta pumzi, halafu uitoe polepole kwa mdomo kama unapuliza chai. Na ukisema ngoja, nitangoja."

Nilipuliza. Nilihisi ameanza, si moto, ni kama kubanwa, na woga wa Alhamisi ukanipanda wote kwa mara moja.

"Ngoja," nikasema.

Akangoja. Mkono wake haukusogea hata kidogo. Hakuguna, hakutazama saa. Nilipoona amengoja kweli, kitu fulani ndani yangu kiliachia chenyewe.

"Kohoa mara moja," akasema. Nikakohoa, na kabla sijamaliza nikasikia mkojo unatiririka kwenye beseni.

Sitakudanganya kwamba sikuhisi kitu. Nilihisi. Lakini kilikuwa kitu cha kuhimilika, na kilikwisha.

Daktari alikuja baadaye akanipima. Alisema mfuko wa uzazi umelala kwa nyuma badala ya kuinuka, na mimba imekua ikiwa imenaswa humo chini, inaminya njia ya mkojo. Kibofu kikikaa kitupu huenda ukainuka wenyewe. Mpira ubaki ndani, na mimi niwe ninapiga magoti kitandani mara kadhaa kwa siku, kifua chini, makalio juu. Usipoinuka, watanilaza kwa dawa ya usingizi wausukume kwa mkono, na hapo hakuweza kuniahidi habari ya mtoto.

Gichuki alisikia yote. Daktari alipotoka, akasema akitazama dirishani, "Wakisema wasukume, wasukume. Mtoto tutapata mwingine."

"Mwingine yupi?"

"Nimesema tu. Nikiambiwa nichague, nakuchagua wewe."

Najua sasa alisema hivyo kwa woga. Wakati ule niliona kama ameshamzika mtoto akiwa hai, nikageukia ukuta. Akarudi Nanyuki Jumapili bila sisi kuzungumza tena. Kwa siku kadhaa nilikuwa nikitunga maneno ya kumjibu, nayaona hayatoshi, natunga mengine.

Mama alibaki. Alilala kwa ndugu yake mjini na kila asubuhi mlango wa wodi ulipofunguliwa alikuwa hapo. Alijifunza kuimwaga chupa ya mkojo, akiiinua kwenye mwanga na kuniambia rangi yake. Mkwe kuona mkojo wa mke wa mwanawe, nilitaka ardhi inimeze. Yeye alisema tu, "Leo ni kama chai rangi. Kunywa maji."

Kupiga magoti ndiko kulikokuwa na aibu. Wodi nzima inakuona umeinua makalio, mpira umening'inia. Jumatatu, saa ya kutazama wagonjwa, nilikuwa katika hali hiyo hiyo, uso umezama kwenye mto, niliposikia viatu vingi. Walikuwa akina mama wa kanisa letu, wametoka Othaya na vikapu. Waliponiona hivyo waliweka vikapu chini. Kisha mmoja akasema kwa Kikuyu kwamba mwalimu anaomba, na wote wakapiga magoti kuzunguka kitanda.

Nikataka kuinuka. Mama akanikandamiza mgongo kwa kiganja.

"Kaa hivyo hivyo," akaninong'oneza. "Wacha waombe. Na wewe fanya ya daktari."

Maombi yalikuwa marefu. Nilicheka ndani ya mto hadi nikahofia mpira utatoka, na huku nikicheka machozi yalikuwa yakinitoka pia.

Jumanne waliutoa mpira ili wajaribu. Nilikunywa maji, nikaenda chooni, nikakaa. Nikafungua bomba. Nikahesabu vigae. Saa sita zilipita, na ule ugumu ukarudi chini ya kitovu. Sista Mwikali alikuwa mapumzikoni siku hiyo. Aliyekuwa zamu ni msichana mrefu aliyetembea upesi, Sista Njoki, na wodi yote ilikuwa inamwita: huyu dripu imekwisha, yule anatapika, uji umeletwa na hakuna wa kuugawa. Akaja na sinia lake, akalifunua, akauchukua mpira.

Niliuona mpira mkononi mwake na sikuona ile dawa. Mwili wangu ulijifunga papo hapo. Nilijua kabisa kinachofuata. Na nilikuwa nimelelewa kwamba mganga au muuguzi haulizwi.

"Sista," nikasema, "naomba uniwekee dawa ya ganzi kwanza, halafu tungoje kidogo. Bila hiyo najikaza. Si kwa makusudi."

Akanitazama. "Mwalimu, hawa wote wananingoja. Nikikaa nikungojee wewe, uji atagawa nani?"

Halikuwa swali la ubaya. Lilikuwa swali la kweli.

Mama akasimama, akavua koti lake.

"Mimi nitagawa uji," akasema. "Nimelisha watu wengi kuliko hawa. Wewe weka yeye dawa."

Sista Njoki akaurudisha mpira kwenye sinia. Akaenda kuleta ile dawa, akaipaka, nikamwomba mito ya magoti, akaileta. Kisha akabaki hapo, mikono imelala mapajani, na nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kuketi tangu asubuhi. Tulimsikiliza Mama akipita kitanda hadi kitanda na birika kubwa, akiwauliza wagonjwa kwa Kikuyu wana sukari au hawana, akimkemea mmoja aliyetaka vikombe viwili. Alipofika kitanda cha mwisho, Sista akasema, "Basi tujaribu."

Nilipuliza kama napuliza chai. Nilikohoa mwenyewe kabla hajaniambia. Ukaingia.

"Umefanya vizuri," akasema, akishangaa kidogo. Siku iliyofuata nilimsikia upande wa pili wa pazia akimwambia mgonjwa mwingine, "Tungoje dawa ishike."

Jumatano asubuhi, nikiwa nimepiga magoti, nilihisi kitu kinateleza ndani yangu, kizito, taratibu, kama gunia linalosogezwa sakafuni. Sikuumwa. Nilibaki nimeganda pale nikiogopa kupumua. Nilimwita Mama, nikamweleza, na yeye akaenda mbio kumwita daktari.

Daktari akapima, akatabasamu, akasema mpira ukae hadi kesho. Alhamisi wakautoa. Nilikunywa maji nikakaa kwenye beseni nyuma ya pazia, Mama akishikilia pazia lisifunguke. Hakikutoka kitu kwa muda mrefu, na nilianza kuwaza mpira wa nne, na dawa ya usingizi, na mkono wa daktari, na Gichuki dirishani. Halafu nikausikia. Mwanzoni ulikuwa mwembamba kama uzi, kisha ukawa mkojo wa kawaida, wa mtu yeyote. Nafikiri kila mwanamke mle ndani alikuwa anasikiliza.

"Asante," Mama akasema, sijui akimwambia nani.

Mambo ya kukuambia ni machache. Waambie kama ulishawahi kuumizwa. Omba dawa ya ganzi, na uombe ipewe muda. Omba mlango ufungwe na taa isogezwe. Toa pumzi. Kama unaweza, nenda na mtu. Na kama muuguzi amezidiwa, usidhani ana roho mbaya. Huenda kuna kazi ambayo mtu wako anaweza kumpunguzia. Wengine watakukatalia bado. Omba hata hivyo.

Gichuki alikuja mwisho wa mwezi uliofuata. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu yote. Alikaa jikoni akaniomba aguse tumbo, nikamruhusu, na maneno yale sikuyasema. Kwa muda mrefu baada ya hapo tulikuwa tunapishana mle nyumbani kwa adabu, kama wageni. Ilichukua hadi mvua za vuli ndipo nikaweza kumwambia kwamba aliniumiza. Akasema anajua, na kwamba siku ile akiirudisha pikapu ya jirani alisimamisha gari njiani mara mbili kwa kushindwa kuona barabara.

Mtoto alizaliwa kahawa ilipokuwa imeiva na kila mtu yuko shambani. Ni msichana, na kwa desturi ya huko msichana wa kwanza huchukua jina la mama wa baba, kwa hiyo akawa Nyambura, kama Mama. Mama alifika kutoka shambani mikono ikiwa bado na utomvu wa kahawa, akanawa mara mbili, akampokea. Akamfunua amtazame vidole vya miguu. Mtoto akajinyoosha, akamkojolea kifuani, mkojo mwingi, ukamlowesha gauni hadi kiunoni.

Mama hakusogea. Alimwacha amalize.

"Mwanangu," akaniambia, na ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo, "huyu yake inafanya kazi."